Siri ya kamati ya mikopo ikivuja kazini, fanyeni hivi

Nimekaa kamati ya mikopo ya saccos ya kazini, na hakuna kinachouma kama mtu kuomba mkopo wa kumtibu mama yake alafu kesho yake kantini nzima wanajua anadaiwa shingapi. Ikitokea usikimbilie grupu la WhatsApp kumtaja unayemshuku, hapo unaimwaga siri mara ya pili. Kaa pembeni na mwenyekiti, andikeni nini kimevuja, lini, na nani walilishika lile faili, maana saa nyingine sio mdomo wa mtu, ni fomu imesahaulika kwenye printa. Kisha mwiteni mnayemshuku peke yake, mumsikilize kwanza jamani, msimvamie wote. Kama ni kweli akae nje ya vikao mpaka iamuliwe, na yule mwanachama aombwe radhi uso kwa uso, hii wengi wanairuka na ndio inazaa chuki. Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, isomeni pamoja. Na mwombaji akiwa ndugu yako au mmegombana naye, sema mapema utoke chumbani.