Jinsi ya kukagua mazoea yako ya kuandika dawa

Usikadirie kwa kumbukumbu. Kumbukumbu humpendelea daktari. Kutoka rejesta ya wagonjwa wa nje, chagua vyeti vya dawa 100 vya miezi 12 iliyopita, ukiruka kwa nafasi sawa. Ukichukua vya wiki moja tu, msimu wa mafua utapotosha hesabu. Kwa kila cheti andika: dawa ngapi, je, kuna antibiotiki (dawa ya kuua bakteria), je, kuna sindano.

Kisha tenga wenye mafua na kikohozi cha kawaida. Hapo ndipo mazoea hujificha, maana magonjwa hayo kwa kawaida huletwa na virusi, na antibiotiki kama amoksilini haiui virusi. Soma upya maelezo ya kila aliyepewa antibiotiki. Kama hukuandika dalili ya maambukizi ya bakteria, tia alama. Linganisha na mwongozo wa matibabu wa taifa, halafu rudia mwakani kwa njia ileile.