Kumkanda mjamzito kwa mafuta wiki za mwisho

Dada yangu alipofika wiki ya 39 alikuwa anazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutaga. Nikamwambia, kaa hapo, leo nakukanda miguu.

Chukua kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya nazi, yale ya kupika nyumbani yanayonukia tui. Tonesha matone 3 ya mafuta ya lavenda. Matatu, si kifuniko kizima! Yakipakwa bila kuchanganywa yanaweza kuunguza ngozi. Siku moja kabla, paka kidogo ndani ya kiwiko uone kama patawasha.

Weka mguu juu ya mto. Pasha mafuta viganjani, anzia kwenye unyayo, panda taratibu hadi kifundoni. Kiuno mkande akiwa amelala ubavu wa kushoto. Tumbo liache.

Mafuta haya yanaleta uchungu wa kuzaa? Mimi sijaona. Dada alilegea, akakoroma, basi. Wapo wanaosifu mafuta ya clary sage (mmea wenye harufu) kuanzia wiki ya 37, ila ushahidi ni haba. Mafuta ya karafuu usiyaguse, na usimnyweshe mafuta yoyote: jirani yetu alipewa ya nyonyo, akaharisha usiku kucha na mtoto asitoke.

Aliyewahi kujifungua kwa upasuaji au mwenye presha amuulize mkunga kwanza. Chupa ya uzazi ikipasuka, damu ikitoka au mtoto akipunguza kucheza, acha kukanda, mkimbize hospitali.