Jinsi ya kuchagua saizi ya pezi la longibodi

Longibodi ni ubao mrefu wa kuteleza juu ya mawimbi, na pezi lililo chini yake ndilo linaloushika mkia usiteleze kando. Mmarekani Tom Blake, mtelezaji mawimbi, alifunga la kwanza mwaka 1935 kule Waikiki, Hawaii, akitumia kipande cha mkuku wa boti ya kasi. Kabla yake, watu waligeuza ubao kwa kuburuza mguu majini.

Hatua ya 1: Geuza ubao, utazame chini ya mkia. Mfereji mmoja mrefu wa katikati, ambamo pezi huingia, maana yake ni ubao wa pezi moja. Kama kuna nafasi mbili za mapezi madogo pembeni, la katikati liwe inchi 6 hadi 8 tu, kwa sababu hayo madogo hubeba sehemu ya kazi.

Hatua ya 2: Pima. Kwa ubao wa pezi moja, kila futi ya ubao ihesabie inchi moja ya pezi. Ubao wa futi 9 huanza na pezi la inchi 9. Wa futi 9 na nusu, inchi 9.5. Pezi hupimwa wima, kutoka linapokutana na ubao hadi usawa wa ncha, si kwa kufuata mkunjo wa mgongo wake. Wauzaji wengine hufuata mkunjo, kwa hiyo nenda na rula yako.

Hatua ya 3: Jipime wewe. Mtu mzito aongeze nusu inchi, mwepesi apunguze nusu.

Hatua ya 4: Chagua umbo. Mapezi mawili ya inchi 9 yanaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa. Lililosimama wima na kubaki pana hadi nchani hushika mkia vizuri unapotembea hadi puani mwa ubao, yaani mbele kabisa, na hukuwezesha kugeuka papo hapo. Lililolalia nyuma, lenye shina pana na ncha nyembamba, hutoa kona ndefu laini. Ncha yake hupinda kidogo, kisha hujinyoosha na kukusukuma. Kama utanunua moja tu, mimi ningechukua lililolala kiasi.

Tazama pia kina. Kwenye miamba, kama ilivyo sehemu nyingi za pwani yetu, pezi refu ni balaa maji yakikupwa. Weka fupi, au ngoja maji yajae.

Hatua ya 5: Funga. Tia skrubu kwenye kibati chake, kile kipande kidogo cha chuma chenye tundu, ukishike nayo na kukitelezesha mferejini hadi mbele, kisha fungua skrubu. Ingiza pini ya nyuma ya pezi, lisukume nyuma, shusha sehemu ya mbele, ufunge. Kaza mpaka lisicheze, basi. Ukizidisha utaharibu mfereji.

Hatua ya 6: Lisogeze kabla ya kununua jingine. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea bure. Anzia katikati ya mfereji. Ubao ukiwa mgumu kugeuka, sogeza pezi mbele nusu inchi. Mkia ukichomoka, rudisha nyuma. Anayependa kusimama puani aliache nyuma zaidi. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, ukateleze mawimbi kadhaa, ndipo uamue. Ukipata mahali pake, weka alama ya penseli kando ya mfereji, maana pezi hutolewa kila ubao unaposafirishwa.