Kazi ya "mteja wa siri" ya WhatsApp: jinsi ya kushtuka kabla hujatuma hela

Juzi kati mdogo wangu kanipigia yupo stendi ya Makumbusho kwa wakala, anaongea huku anahema, "dada nirushie elfu arobaini chap, niko kazini". Nikashangaa, kazini wapi wakati juzi tu ulikuwa unaniomba hela ya bando? Ndo akaanza kunielezea kapata mchongo wa misteri shopa, yaani unajifanya mteja wa kawaida unaingia sehemu unaangalia wanavyohudumia halafu unaripoti unalipwa. Nikamwambia usitume hata mia, nisubiri hapo hapo.

Tuelewane kwanza, kazi yenyewe ipo kweli na ndo maana watu wanaliwa. Benki, mitandao ya simu, hoteli, sheli, wote huko duniani wanatumia wateja wa siri, kuna hadi chama chao cha kimataifa kinaitwa MSPA. Ila kazi ya kweli haina raha yoyote jamani. Unapewa fomu ndefu: ulikaa foleni dakika ngapi, ulisalimiwa au hukusalimiwa, aliyekuhudumia alivaa beji, choo kilikuwa kisafi. Unanunua kitu kidogo, unatunza risiti, unajaza fomu, halafu UNASUBIRI, ndo baadae unarudishiwa hela ya manunuzi na kaposho juu yake. Ni kibarua cha kuongezea nauli. Kwa hiyo ukiona tangazo linasema laki na nusu kwa kila duka unaloingia, mara nne kwa wiki, huhitaji elimu wala uzoefu, hapo jiulize nani anagawa hela hivyo hapa Dar.

Sasa wanavyopiga. Huko Marekani mchezo wa zamani ni hundi: unatumiwa hundi kwa posta, unaiweka benki, hela inaonekana kwenye akaunti, unaambiwa kata chako na nyingine kaitume kwa huduma ya kutuma pesa au kanunue gift kadi utupe namba, eti ndo unakagua huduma. Hundi inakuja kugundulika feki baada ya siku kadhaa au wiki, benki inakudai wewe. Huku kwetu nani ana muda na hundi, kwa hiyo kwenye nafasi ya hundi wameweka meseji ya muamala.

Ndo yaliyomkuta dogo. Kaingizwa kwenye grupu la WhatsApp, kapewa "mkataba" wa PDF una logo ya supamaketi kubwa na muhuri, kaombwa picha ya kitambulisho cha NIDA (akatuma!!), halafu ikaingia meseji umepokea TSh 350,000. Maelekezo: elfu hamsini ni yako, laki tatu nenda kwa wakala fulani pale stendi uitume kwa "mkaguzi wa pili", huku unahesabu dakika wakala anazotumia kukuhudumia. Anajaribu kutuma, simu inamwambia salio halitoshi. Anamuuliza bosi, bosi anasema hela imeshikiliwa na mfumo, weka elfu arobaini ya kufungulia. Ndo hiyo arobaini niliyokuwa naombwa.

Nikamwambia nipigie skrinshoti ya hiyo meseji. Cha kwanza, haikutoka pale zinapokaa meseji zake zote za M-Pesa, imetoka kwenye namba ya kawaida kabisa ya tarakimu kumi. Cha pili hiki nakipenda sana, imeandikwa salio lako jipya ni TSh 350,000. Dogo alikuwa na 1,200 kwenye simu. Ingekuwa hela imeingia kweli lingesoma 351,200, ila tapeli atajuaje kwenye simu yako kulikuwa na ngapi? Kwa hiyo hela yoyote ukiambiwa imeingia, usisome meseji, ingia mwenyewe kwenye menyu, M-Pesa ni *150*00#, na mitandao mingine hivyo hivyo kwenye menyu yake, angalia salio kwa macho yako. Hata mawakala wanafanya hivyo, hamna wakala wa mjini anayekupa keshi kwa kuonyeshwa meseji.

Na kuna mbaya zaidi ya hiyo, hela inapoingia KWELI. Unaangalia salio unaikuta, unajua leo nimepata kazi, unakata elfu hamsini yako unatuma iliyobaki. Kumbe ile hela ni ya mama wa watu huko Mbagala kaibiwa asubuhi hiyo hiyo, na wewe ndo umekuwa bomba la kuipitishia. Laini toka 2019 zinasajiliwa kwa alama za vidole, polisi wakifuatilia ule muamala jina la kwanza wanalokutana nalo ni lako, bosi wa WhatsApp hayupo. Hela usiyoijua ikiingia usiiguse na usimrudishie mtu kwa kuelekezwa na simu, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako waache wao waishughulikie.

Mtego mwingine ni ada. Ada ya usajili, ya mafunzo, ya fulana, ya kitambulisho, ya "kufungua faili". Mimi msimamo wangu hapa hauna hata kona: mwajiri anayeanza kwa kuniomba hela siyo mwajiri. Hata ikiwa elfu tano. Hasa elfu tano, maana wanajua kwa elfu tano hutaenda polisi.

Kama bado unaona labda ni kweli, kabla hujajibu kitu fanya hivi. Chukua jina la kampuni lilivyoandikwa kwenye mkataba ulitafute kwenye mfumo wa BRELA, wale wa serikali wanaosajili kampuni, uone kama imesajiliwa, ila usiishie hapo maana wanaiba majina ya kampuni za kweli. Tafuta namba ya ofisi mwenyewe, siyo ile iliyopo kwenye tangazo, piga, au kama ofisi ni Posta au Mikocheni panda daladala nenda kaulize mapokezi. Dogo aliponiona napiga ile supamaketi akawa kashaelewa, dada wa kule alicheka, akasema wao hawaajiri kwa WhatsApp na mimi na dogo si wa kwanza kuuliza wiki hiyo.

Ukiwa umeshatuma, usianze kubishana nao kwenye grupu wala kuwatukana, unawapa muda wa kutoa hela. Piga huduma kwa wateja sekunde hiyo hiyo uombe muamala uzuiwe, ikishatolewa kwa wakala imeenda. Ile meseji na namba yao ripoti kwa kutuma kwenda 15040 ya TCRA, wasimamizi wa mawasiliano, ni bure. Kituoni nenda na skrinshoti za kila kitu, za grupu, mkataba, meseji, kabla hawajakutoa kwenye grupu, uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako pale polisi. Na kama ulituma NIDA kama huyu wa kwetu, piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa jina lako, na urudie rudie kuangalia maana wanaweza kuitumia baadae. Yake zilikuwa mbili, zote anazijua, tukashusha pumzi.

Wiki mbili baadae namba ile ile ikamtafuta tena. Jina jingine, picha ya mdada kavaa suti, safari hii wanataka wakaguzi wa hoteli Zanzibar, nauli ya boti wanalipa wao, ada ya fomu elfu kumi na tano tu.