Mjamzito, Ijue Namba ya Damu Yako

Mimi ni mkunga, nahudumia kliniki ya wajawazito huku Tanga. Nikimuuliza mama, "Damu yako ngapi?" mara nyingi hunijibu, "Waliniambia iko sawa." Sawa ndiyo ngapi? Hudhurio la kwanza utatobolewa kidole, tone liingie kwenye mashine, namba itoke: ni gramu za himoglobini, kibeba-oksijeni cha damu, kwa kila desilita. Hakikisha imeandikwa kwenye kadi.

Miezi mitatu ya mwanzo na mitatu ya mwisho, chini ya 11 ni upungufu. Miezi ya katikati mpaka huo hushuka hadi 10.5, maana maji ya damu huongezeka. Ikiwa chini ya 7, achana na juisi ya choya, nenda hospitali leo hii. Na asikupime mtu kwa kukufunua kope tu, kope hudanganya.

Vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi humezwa kimoja kila siku hata kama damu inatosha. Ikipungua, tutakuongezea, kwa kawaida hadi miligramu 120 za chuma kwa siku. Usijiongezee mwenyewe.

Sasa tuje kwenye chai, adui wangu mkubwa. Sisi watu wa Pwani chai ya rangi asubuhi, chai jioni, na kidonge kinasukumwa na chai hiyohiyo. Chai huzuia chuma kisiingie mwilini. Kahawa na maziwa vilevile. Acha saa mbili katikati. Meza usiku kabla ya kulala, kwa maji na chungwa, na machungwa ya Muheza tunayo tele. Kichefuchefu kikikusumbua, tanguliza chakula kidogo. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke. Vikikushinda kabisa, sema: kuna aina nyingine, na mimba ikivuka miezi mitatu daktari anaweza kukuwekea dripu ya chuma.

Dagaa na nyama kula, mchicha ukamulie ndimu, lakini chakula peke yake hakitapandisha damu iliyokwisha kushuka. Na zile pemba za udongo za sokoni? Hamu yake mara nyingi ni dalili ya upungufu wenyewe, na udongo unazidi kukunyima chuma. Niambie, sitakucheka.

Malaria nayo hula damu: lala ndani ya chandarua, meza SP, dawa ya kukinga malaria, tunapokupa. Dawa ya minyoo tunatoa baada ya miezi mitatu ya mwanzo.

Rudia kipimo baada ya wiki nne. Tunatarajia namba ipande kama 1 hivi. Isipopanda tutatafuta malaria, minyoo, selimundu, au vidonge vilivyolala kabatini. Ikifika 11 usiache, endelea hadi baada ya kujifungua, mpaka tukuambie basi.

Moyo ukienda mbio nawe umekaa, au pumzi ikikukatika katikati ya maneno, usingoje tarehe ya kliniki. Njoo hata usiku.