Enoksaparini kwa mgonjwa wa maumivu ya kifua: pima, piga hesabu, ndo uchome

Hii nawaandikia wenzangu wa zamu za usiku, manesi na madaktari wapya, mnaoletewa mgonjwa kashika kifua jasho linamtoka na kila mtu anakimbia. Dawa za kuzuia damu isigande, kama hii sindano ya enoksaparini, zinaokoa moyo, ila ndo hizohizo zinamvujisha mtu damu tumboni au kichwani, na kwa nilivyoona mimi shida mara nyingi sio dawa, ni dozi tuliyoikisia.

Hatua ya 1: hakikisha ni moyo kweli. ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ndani ya dakika 10 tangu afike. Kama maumivu yalikuja ghafla kama kitu kinachanika na yanachoma mgongoni, pima presha mikono yote miwili, zikipishana zaidi ya 20 simama kwanza umwite mkubwa wako, maana aota, ule mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo, inaweza kuwa imechanika na hapo hii dawa inaua. Uliza pia choo cheusi, kiharusi, upasuaji wa karibuni, na kama anameza warfarini au rivaroksabani, nazo ni za kuzuia damu isigande. Akisema ndio usirundike dawa juu ya dawa.

Hatua ya 2: aspirini 300 mg aitafune, asiimeze nzima, labda kama ana aleji nayo. Klopidogreli, nayo ni ya kuzuia chembe za damu zisishikane, ya kuanzia ni 300 au 600 mg kulingana na mpango wa matibabu, ila anayepewa dawa ya kuyeyusha bonge la damu na umri umezidi miaka 75 anaanza na 75 mg tu.

Hatua ya 3: mzani. Jamani mzani! Dozi ya enoksaparini ni 1 mg kwa kila kilo, chini ya ngozi, kila masaa 12, sasa mtu wa kilo 52 ukimchoma sindano ya 80 kwa sababu "ni mtu mzima" umempa mara moja na nusu ya anachotakiwa. Hawezi kusimama? Waulize ndugu, kisha andika kwenye faili kwamba ni makisio, akitulia apimwe.

Hatua ya 4: figo, na hapa ndo wengi tunateleza. Kreatinini, ile taka ya damu inayopimwa kuangalia figo, peke yake inadanganya. Chukua 140 toa umri, zidisha kwa kilo, gawa kwa 72 mara kreatinini ya mg/dL, mwanamke zidisha tena kwa 0.85. Chukua bibi wa miaka 78, kilo 50, kreatinini 1.6, ukiitazama unaona mbona sio mbaya sana, lakini piga hesabu utapata figo zinachuja kama mL 23 tu kwa dakika. Chini ya 30 dozi ni ileile 1 mg kwa kilo ila mara moja kwa siku, basi. Huyuhuyu angekuwa na figo nzima na kapewa dawa ya kuyeyusha bonge, angepata 0.75 mg kwa kilo kila masaa 12, bila ile ya kuanzia ya mshipani.

Hatua ya 5: chagua heparini moja ubaki nayo, na enoksaparini nayo ni aina ya heparini. Kuanza na enoksaparini halafu zamu inayofuata kumwekea heparini ya dripu ni kumtafutia kuvuja damu. Akihamishwa, andika jina la dawa, dozi na SAA ya mwisho kwa herufi kubwa.

Hatua ya 6: choma kwenye nyama ya tumbo, mbali kidogo na kitovu, finya ngozi, sindano iingie wima. Kipovu cha hewa usikitoe kama unatoa sindano nzima. Ukimaliza usisugue, utamwachia vilia.

Hatua ya 7: fuatilia. Hakuna sindano ya msuli, hakuna diklofenaki ya maumivu. Angalia fizi, mkojo, choo, presha, hemoglobini. Platileti (chembe za kugandisha damu) zikishuka kwa nusu kati ya siku ya 5 na ya 10, heparini ya aina yoyote inasimama, hata ile ya kusafishia kanula. Akitoka damu nyingi ndani ya masaa 8 ya dozi, mpe protamini, dawa ya kuipinga heparini, 1 mg kwa kila 1 mg ya enoksaparini, polepole mshipani, ila haiifuti yote kwahiyo damu ya kuongezwa iwe inaandaliwa tayari.