Mayai 86: kumsimulia mgeni kisa chako kwa Kiingereza

Safari yangu ya kwanza Kilimanjaro nilivunja mayai 86. Ilikuwa 2009, njia ya Machame. Nilikuwa mpagazi mgeni kabisa, trei tatu kichwani zimefungwa kwa kamba, mvua ya msituni inanyesha na mizizi imelowa. Nikateleza.

Siku hizi naongoza wageni, na kisa hicho nimekisimulia kwenye hema la chakula mara nyingi mno. Mara ya kwanza nilikiharibu. Nilikuwa weita, mgeni mmoja akaniuliza nilianzaje kazi ya mlima. Nikaanza kwa kijiji, nikaja kwa shamba la kahawa la mzee, watoto tuko saba, nilivyomaliza darasa la saba, ada ilivyokosekana. Nilipofika kwenye mayai, wawili walishaenda kulala. Aliyebaki akasema, “Interesting.” Wadogo zangu wagumu, yaani wapagazi, mnaotaka kupanda kutoka mzigo hadi fimbo ya kiongozi, lijueni neno hilo: likitoka bila uso kubadilika, ni kama sisi tunavyosema “haya” huku tukitafuta viatu.

Kosa langu halikuwa sarufi. Kwetu kisa hubebwa na watu wawili. Mimi nasema, wewe unaitikia: “Enhe,” “Ikawaje?”, “We!” Hata bibi hakuanza hadithi mpaka “Paukwa” ijibiwe “Pakawa.” Kwa hiyo naweza kuanzia mbali, maana wewe unanivuta. Mezani kwa Mwingereza au Mmarekani utabeba peke yako. Atakutazama, atatikisa kichwa kukubali, labda aseme “Mm.” Hajakuchoka, ndivyo anavyosikiliza. Akisema “Really?” hajakuita mwongo. Mimi niliwahi kumwapia mgeni kwa Mungu, meza nzima ikacheka. Na “No way!” si kukataliwa, ni “We!” yao.

Basi mzigo upimwe kabla ya kupanda, kama pale getini: mwisho kilo 20. Kijiji, ndugu saba na kahawa vibaki chini. Lililotokea liwe sentensi ya kwanza: “The first time I climbed Kilimanjaro, I broke eighty-six eggs.” Kisha nyamaza. Mtu atasema, “Eighty-six?” Hapo umepewa uwanja. Mgeni wangu mmoja, mwalimu wa isimu, aliniambia kuwa William Labov, Mmarekani aliyechambua visa vya watu wa kawaida miaka ya 1960 na 1970, aliona kuwa msimuliaji mzuri muda wote anamkinga msikilizaji asiulize “So what?”, yaani, sasa mimi nifanye nini na hilo. Mayai 86 yanamziba mdomo mapema.

Lakini usiyadondoshe tu katikati ya mazungumzo. Subiri mtu aseme jambo la kufanana, mathalani begi lake lilivyopotea uwanja wa ndege, ndipo uingie: “That reminds me,” au “Something like that happened to me once.” “One day” si kosa, ila inanuka kitabu cha sungura na fisi.

Sasa vitenzi, maana hapa ndipo tunapoanguka wengi. Sisi tuna “ka”. Nikateleza, nikaanguka, nikasikia: ukishafungua kisa, “ka” inakukokota hadi mwisho. Kiingereza hakina kitu hicho. Kila kitenzi kivae wakati uliopita chenyewe: “I slipped, I fell, I heard.” Mimi nilikuwa navalisha cha kwanza tu, vinavyofuata vinatembea uchi: “I slipped, I fall, I hear.” Yale yaliyokuwa yakiendelea kabla ya ajali yape “was” na “-ing”: “It was raining. I was carrying ninety eggs.” Halafu tukio linakata: “I slipped.”

Utawasikia wenyewe wakirukia wakati uliopo: “So this guy comes up to me...” Mara ya kwanza niligeuka kumtafuta huyo “this guy” mlangoni mwa hema. Hakuwepo, wala hakuwa karibu. Ni mtu wa kwenye kisa, na ndivyo wanavyomwingiza jukwaani. Mtindo huo waachie kwanza, ushike uliopita ukae imara.

“Yeye” wetu hana jinsia, na ulimi unapochoka unaokota “she” au “he” inayokuja kwanza. Nilimwita mpishi wetu, mzee mwenye ndevu, “she”, na wageni wakaniuliza kama wapishi wa kike ni wengi mlimani. Tangu hapo, kabla sijafungua mdomo nawaona kwanza wahusika usoni, mmoja mmoja. Inasaidia kuliko kukariri.

Ndugu nao. Mtoto wa baba mdogo ni kaka yangu, sina ubishi, lakini ukimwita “brother” watahesabu, na kisa kitageuka sensa. Sema “cousin”, uendelee. Mama mdogo ni “aunt”. “Small mother” nimeisikia kwa masikio yangu.

Saa ndiyo mbaya zaidi. Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele, nilimwambia mgeni tunaamka “at six”, kichwani mwangu ikiwa saa sita usiku. Akalala akijua ni alfajiri. Tulipogonga hema lake usiku wa manane alidhani kuna mgonjwa, na hakunisemesha mpaka Stella Point, karibu na kilele. Saa sita usiku ni “midnight”, basi.

Na hii “pole”. Mtu akikusimulia alivyovunjika mguu, usikimbilie “Sorry” kavu, utajibiwa “It's not your fault.” Sema “Oh no” au “That must have hurt.”

Kisa changu sasa nakisema hivi, nusu dakika tu:

“The first time I climbed Kilimanjaro, I broke eighty-six eggs. I was a porter, it was raining, and I had ninety on my head. I slipped. I sat there in the mud and I thought, well, that's my job gone. The cook counted what was left. Four. We had eight clients. So at breakfast everybody got half an egg, and one lady asked him, ‘Is half an egg good for the altitude?’ And he said, ‘Very good, madam.’”

Tazama “that's my job gone.” Ni maneno machache, lakini ukiyatoa kisa kinakuwa ripoti ya polisi. Kwa Kiswahili ningeshika kichwa, ningesema “Mama yangu!” na kila mtu angejua moyo ulivyokuwa. Kwa lugha ya kigeni sauti yangu haifiki huko, kwa hiyo nampa msikilizaji sentensi moja ya niliyoyawaza pale pale kwenye tope. Moja inatosha. Tazama pia “Four”: imesimama peke yake, na kabla yake navuta pumzi. Wazo langu lilikuwa kusema giza la msituni lilikuwa totoro na mayai yalilia kwacha, lakini vionjo hivyo havivuki mpaka. Kwa giza wana “pitch dark”, kwa mayai “crack”. Ukikosa neno la mlio, tumia mikono.

Ukishasema “Very good, madam,” funga mdomo. Usieleze kwa nini inachekesha. Wakimaliza kucheka, mtu ataleta chake, na wewe msikilize bila kumzidi. Mgeni akisimulia alivyopoteza pasipoti, si wakati wa kukumbuka kuwa wewe umewahi kupoteza pasipoti mbili.

Mazoezi nafanya wakati wa kushuka kwa njia ya Mweka, magoti yakiuma na wageni wametangulia: najirekodi kwenye simu, nasikiliza, nakata. Kila mara kuna kitu cha kukata. Kamba ya trei ilikaa ndani ya kisa miaka miwili kabla sijagundua kuwa hakuna anayeihitaji.

Yule mpishi ameshastaafu, analima migomba. Mwaka jana nilimpelekea sukari, nikamsimulia kisa chake kwa Kiingereza, anakisikia kidogo kidogo. Alicheka hadi akakohoa. Kisha akanirekebisha: yaliyobaki yalikuwa matano.

“La tano lilienda wapi, mzee?”

“Nililila.”

Wageni naendelea kuwaambia manne.